Kipanya Kisichotaka Viatu Vipya

Mmeniomba niwaandikie juu ya kazi, nyinyi mliobaki karakanani, na mkanitahadharisha nisiwachoshe. Basi sitasema nilipandishwa lini wala na nani, kwa kuwa nilipanda polepole na ngazi yenyewe ilikuwa fupi. Nitasema juu ya kipanya cha kompyuta. Najua mtacheka. Hicho ndicho kitu rahisi kuliko vyote vinavyopita mezani petu, na wiki zangu za mwisho niliwaona kwa macho yangu mkikitupa kimoja pipani bila hata kukigeuza mkakitazama tumbo. Siku ile nilinyamaza kwa sababu ilikuwa saa ya chai, na mimi na chai hatugombani. Leo nina nafasi.

Mimi ni mzaliwa wa Likoni, mtoto wa mkulima wa minazi na mihogo. Nilipopata nafasi ya kujifunza ufundi Changamwe, nyumbani walifurahi wakidhani nitakuwa mpiga taipu wa ofisini. Walipojua kwamba kazi yangu ni kuzifungua hizo taipu na kuzisafisha, mamangu akaniuliza ni nani atakayeoa mikono yenye grisi. Nilimwambia atakuja mwenye kuipenda grisi. Alikuja, tumezeeka pamoja, na mpaka leo hajui kufungua hata kifuniko cha betri ya saa.

Karakana siku hizo ilikuwa chumba kimoja kirefu kando ya barabara ya malori. Vumbi liliingia kwa mlango likatoka kwa dirisha, na likipendezwa lilibaki. Mkuu wetu alikuwa fundi Kombo, mtu wa Kisauni, mkavu wa maneno, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku yangu ya kwanza nilikwenda na bisibisi mpya niliyoinunua kwa fahari. Akaitazama, akaitia kwenye droo, akanipa kiti.

"Kaa hapo," akasema. "Tazama watu. Vyuma utavikuta tu, havendi popote."

Nilikaa nikiona nimeonewa. Haukupita muda akaja karani mmoja wa kike, ameipakata taipu yake. Fundi Kombo hakumuuliza ina nini. Alimwekea karatasi, akamwambia aandike jina lake na jina la mamake, aandike tena na tena, naye akampa mgongo akawa anautazama ukuta. Nilidhani ni adabu. Kumbe alikuwa anasikiliza. Yule dada alipomaliza, fundi aligeuka akamwambia, "Hiyo herufi yako ya a imechoka, na kidole chako kidogo kimechoka zaidi. Hakikuumi?" Dada akaduwaa. Kidole kilikuwa kinamuuma, na hajamwambia hata mumewe.

Alipoondoka, fundi Kombo akaniita kwenye rafu ya taipu zilizokuwa zikingoja matengenezo. Akanionyesha moja baada ya nyingine. Karibu zote, herufi ya a ilikuwa imelika kuliko wenzake. "Waliotengeneza mashine hizi hawakuwa wakiandika Kiswahili," akasema. "Hii a wameipa kidole kidogo cha kushoto, kidole kisicho na nguvu. Na sisi bila a hatusemi. Baba, mama, chakula, mahakama. Maskini ya Mungu, kidole hakina Ijumaa wala sikukuu."

Maneno tunayosema jikoni na sokoni yalikuwa yamekula chuma, kidogo kidogo, pigo kwa pigo, na chuma kilikuwa kimeweka alama yake. Tangu siku hiyo sijaweza kukitazama kitu kilicholika nikakiona kibovu tu. Desturi ya fundi Kombo ikawa ndiyo desturi ya karakana: hufungui chombo kabla hujamwona mwenyewe akikitumia. Nyinyi mmeipunguza ikawa kuuliza swali moja kwenye simu. Nawasamehe, kwa sababu simu ndizo zilizoharibu mengi.

Kompyuta zilipofika, ofisi nyingi zilizifunika vitambaa vya kufuma, kama watu walivyofunika redio majumbani. Vipanya vya siku hizo vilikuwa na kigololi cha mpira tumboni, nacho kilizoa kila kilichokuwa mezani: nyuzi za kanzu, unga wa mahamri, vumbi la saruji. Kifaa bora cha kukisafishia kilikuwa ukucha wa kidole gumba, na nilikuwa nikiuacha mrefu kwa kazi hiyo hata kwenye harusi. Siku moja nikaitwa ofisi moja ya mizigo, kipanya kimekufa. Nikakigeuza, kigololi hakimo. Karani akasema kwa utulivu kwamba amempelekea mwanawe achezee, kwa kuwa alidhani kile ni cha akiba.

Kisha vikaja vipanya vya mwanga, na kila mtu akakitupa cha kigololi. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mimi nilikifungua cha kwanza kilichoniangukia mkononi nikitafuta kasoro ya kukisema, nikaishia kukaa chini. Mle ndani mna taa ndogo na jicho dogo. Taa inamulika meza, jicho linaipiga meza picha, tena na tena, kwa kasi ambayo kope zetu haziwezi kuifikiria, na kwa kuzilinganisha picha hizo kipanya kinajua kimekwenda upande gani. Meza ambayo sisi tunaiona laini, chenyewe kinaona milima na mabonde. Nilirudi Likoni jioni nikamweleza mamangu. Akasema, "Subhanallah. Na hicho kidude chajua kwamba chatazama?"

Lakini kilichonishinda kabisa ni swichi, ile iliyo chini ya kitufe, inayolia tik unapobofya. Ndani yake mna ulimi wa shaba, mwembamba kama ganda la ndani la kitunguu, umepindwa kidogo ili uwe na mkazo. Unabonyezwa, unaruka, unaachwa, unarudi. Kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka, karani anapitisha mizigo ya dunia nzima kwa kutegemea uruke na urudi. Ukichoka, haunyamazi. Unatetema. Mtu anabofya mara moja, ulimi unagonga mara mbili, kompyuta inasadiki ule wa pili kama ilivyosadiki ule wa kwanza. Mkiletewa kipanya kinachobofya mara mbili, huo ndio ugonjwa wake, na si virusi kama mnavyopenda kuwaambia watu.

Kutengeneza au kununua kingine? Waya ukikatika shingoni, kata, unganisha upya. Gurudumu likikwama, mara nyingi ni uchafu na nywele. Swichi ikichoka, ing'oe, lehemu nyingine. Ubao ukipasuka au ukinywa chai yenye sukari, hapo msalie. Na vile vipande vyembamba vinavyoteleza chini ya tumbo, ambavyo sisi karakanani twaviita viatu, vikilika bandika vingine. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyafundisha, na ni kweli kwa vipanya vyote nilivyovijua isipokuwa kimoja.

Kililetwa na Twalib, kijana mwenye duka la simu huko Kisauni. Tulikuwa tukimtengenezea mashine yake ya risiti, kwa hiyo tulijuana. Aliingia na mfuko, akaumimina mezani kwangu: vipanya vinne vipya vya dukani kwake, na kimoja kizee, rangi yake imegeuka ya meno ya mvuta tumbaku.

"Bi Zuhura," akasema, "nakuomba uniambie kwamba hiki hakitengenezeki."

"Mbona waniwekea jibu mdomoni?"

Akakaa. Mamake, Bi Mwanahamisi wa Frere Town, alikuwa mchoraji wa kanga. Mimi jina lake sikulijua, lakini kumbe kazi yake nilikuwa nikijifunga miaka yote. Alianza kwa penseli na karatasi akiwa mjane mbichi, na tajiri mmoja wa kanga wa mjini akawa anachukua michoro yake. Tajiri alipotaka michoro ya kompyuta, Bi Mwanahamisi akajifunza kompyuta akiwa na wajukuu. Sasa kwa muda mrefu hajatoa mchoro. Kipanya chake kilipoharibika, Twalib alimpa kipya, akakikataa. Akampa kingine, akakikataa. Mistari inakwenda upogo, maua yanakaa pasipo pake. Tajiri ametuma salamu: mchoro mpya usipofika Jumatatu, atachukua wa mtu mwingine, na hatangoja tena.

"Mamangu amekwisha, Bi Zuhura," akasema Twalib. "Mato hayaoni tena, na hataki kukubali. Ananiambia kipanya, kipanya. Nimempa vinne. Nilikipeleka hata hiki kizee kwa fundi mmoja wa njiani, akakisafisha na kukibandika utepe wa kuteleza chini. Kilikuwa kikienda kama samaki. Mama alipokishika, akaubandua ule utepe kwa kucha zake. Nimemwambia tajiri asingoje. Wewe mwambie hakitengenezeki, apumzike. Chumba chenyewe nitaweka mali ya duka."

Alisema hayo kwa upole, na sikumwona mtoto mbaya. Nilimwona mtoto aliyechoka kumwona mamake akishindwa. Lakini habari ya zile kucha haikunitoka. Mtu hang'oi kitu kwa kucha bila sababu.

"Mimi sijui kama kinatengenezeka," nikamwambia. "Sijamwona mwenyewe akikitumia."

Jumamosi nikaenda Frere Town na mkoba wangu na ule mfuko wa vipanya. Nilibisha hodi nikatoa salamu.

"Waaleikum salaam. Ndoo mwanangu, pita," sauti ikajibu ndani. "Mgeni ndoo, mwenyeji apone."

"Shikamoo, Bi Mwanahamisi."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Twalib yuwasema mato yangu yamekwisha. Mato yangu ni mazima. Nauona huo unywele uliokutoka kwenye mtandio."

Niliurudisha ndani. Alikuwa mama mwembamba, mrefu, ameketi mbele ya kompyuta kama mtu aliyeketi mbele ya mgeni asiyemwamini. Ukutani nyuma yake Twalib alikuwa ameshatia alama za penseli pa kugongea rafu za mali yake. Hakuna aliyezitaja alama hizo, lakini kiti cha Bi Mwanahamisi kilikuwa kimegeuzwa ili asizione.

Kwanza nilimwomba anionyeshe kazi zake za zamani. Akamwambia Twalib, aliyekuwa amenitangulia, azifungue, zikapita kwenye skrini moja baada ya nyingine. Jamani. Pindo la makombe lililojiviringa pande zote nne bila kukosea pembe hata moja. Mji, yaani uwanja wa katikati ya kanga, uliojaa korosho, na ndani ya kila korosho ua, na ndani ya ua mishipa ya petali. Nilimuuliza alichora kwa kalamu gani ya kompyuta. Akanionyesha kwa kidevu kipanya kile kizee. Nyinyi mnajua kuandika jina lenu tu kwa kipanya kulivyo. Linatoka kama limeandikwa na kuku. Nilijiona nimeingia msikitini na viatu, nikazitazama mpaka zikaisha.

"Sasa nichoree mstari," nikamwambia, nikampa kipanya kipya.

Akachora. Mstari ukaenda kama njia ya sisimizi, ukaruka, ukapita mpaka. Akakiweka chini. "Waona? Chanikimbia. Nikenda huku, chenda kule."

Twalib akanitazama, kama kusema, nilikwambia.

Kahawa ikaletwa kwenye sinia. Bi Mwanahamisi akanyoosha mkono kuchukua kikombe, na hapo nikaona. Mkono ulitetemeka. Haukutetemeka sana, ila kikombe kilizungumza na kisahani mpaka akakituliza kwa mkono wa pili, haraka, kama aliyezoea kufanya hivyo watu wakitazama kwingine. Nikajifanya natafuta tende.

"Sasa na kizee," nikasema.

Alivuta kipande cha kanga kuukuu kilichokunjwa, akakitandaza mezani, akaweka kipanya kizee juu yake. Mkono wake ukakikalia. Kidole gumba kikaingia kwenye kibonde ambacho kimechimbwa na kidole hicho hicho, na mkono uliokuwa ukitetemeka hewani ukatulia kama mtoto aliyewekwa begani. Mstari ukatoka kwenye skrini umenyooka, polepole, bila haya. Kisha akabofya kuweka ua. Yakatoka mawili, moja juu ya jingine.

"Hivyo ndivyo kinifanyiavyo," akasema. "Ndia chaijua, lakini kimeshikwa na kichaa. Nataka ua moya, chanipa mawili. Nikifuta moya, chafuta yote."

Nilikiomba, nikakigeuza. Viatu havikuwapo. Vilikuwa vimelika vyote, na plastiki yenyewe ya tumbo imelika ikawa bapa na butu, inasuguana na kitambaa moja kwa moja. Nikakisukuma kwa kidole changu. Kilikuwa kizito, kinang'ang'ania. Fundi yeyote, na mimi wa kwanza, kitu cha kwanza angefanya ni kubandika viatu vipya. Nilikuwa navyo mkobani, tayari. Na tungekuwa tumemkata mkono. Ule uzito ndio uliokuwa ukiumeza mtetemeko. Mtikisiko mdogo haukuwa na nguvu ya kukisogeza kipanya kile. Mkono wenye nia ndio uliokuwa nayo. Vile vipya vilivyokuwa vikiteleza kama samaki vilikuwa vikisema kila siri ya mkono wake kwenye skrini.

Nilikaa na kipanya hicho mikononi, nikikigeuza na kukigeuza tena. Hakuna aliyekibuni hivyo. Mama huyu na kipande hiki cha plastiki walikuwa wameendeana mwaka baada ya mwaka, yeye akikila kidogo kidogo na chenyewe kikimshika kwa nguvu zaidi kadiri mkono ulivyozidi kulegea, mpaka wakakutana mahali ambapo kazi inawezekana. Naapa sijawahi kuona chombo kilichotengenezwa vizuri kuliko hicho, na kilitengenezwa kwa kulika.

"Bi Mwanahamisi," nikamuuliza taratibu, "mkono ulianza lini?"

Akamtazama mwanawe, kisha akaitazama skrini. "Kalamu ndiyo iliyonikataa mwanzo," akasema. "Nikashukuru tajiri alipotaka kompyuta. Watu wakasema, masikini, kizee afunzwa kompyuta. Wallahi mimi nilikuwa nimefunguliwa mlango."

Twalib alikuwa amesimama mlangoni. Akasogea, akakaa kitandani.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningalikwambia, ungaliniketisha."

Mimi nikarudi kwenye kazi, maana huko ndiko ninakojua kusema. Niliwaeleza jinsi mambo yalivyo. Viatu havitaguswa, wala kibonde. Ugonjwa uko kwenye swichi tu. Swichi mpya ninayo, lakini mpya ni ngumu. Nilimwambia abofye kitufe cha kulia cha kipanya hicho hicho, ambacho karibu hakikutumika. Alipokibonyeza kwa nguvu iliyohitajika, mkono mzima uliruka, mstari ukaruka nao. Kipanya kipya ningeweza kukinyang'anya utelezi kwa gundi na kitambaa, lakini kidole chake kisingeweza kungoja swichi ilegee, na Jumatatu ilikuwa kesho kutwa. Ilibaki njia moja: kuifungua swichi ile kongwe, kuutoa ulimi wa shaba, kuukunja mkunjo mdogo urudishe mkazo kiasi, na kuurudisha. Ukikunjwa mno, utakuwa mgumu kama mpya. Ukikunjwa pungufu, kichaa kitabaki. Ukivunjika, basi.

"Umeshawahi kufanya?" akauliza Twalib.

"Nimeshawahi. Mwingine ulivunjika."

Twalib akaanza kusema kwamba labda tungoje, tutafute kingine cha namna hiyo hiyo. Mamake akainua mkono, ukitetemeka mbele yetu sote, hakuuficha.

"Fungua," akaniambia. "Usiache mbachao kwa msala upitao. Nami kikifa nitajua kimefia kazini."

Tukafunga dirisha, tukazima feni, kwa sababu vitu vya mle ndani hupeperuka. Nikatandika kitambaa cheupe kwenye sinia la kahawa. Bismillah. Parafujo moja, ganda likafunguka, likatoa vumbi lililokaa mle kwa miaka. Kifuniko cha swichi nikakibandua kwa ncha ya wembe. Kuna kitufe kidogo ndani yake, sawa na punje ya ufuta, nacho kikaanguka juu ya kitambaa. Nikamwomba Twalib asipumue upande huo. Alinimulikia kwa simu yake. Duka zima la simu lilikuwa linanuka jasho pale begani kwangu, na sikusikia akisema tena habari ya kununua.

Niliuvuta ulimi kwa kibano. Ulikuwa na kovu jeusi pale ulipokuwa ukigonga, alama ya kila ua, kila korosho, kila pembe ya pindo. Nikaufuta kwa karatasi, nikaulaza juu ya mpini wa bisibisi, nikaukunja. Mkunjo huo hauonekani kwa macho. Unausikia kwenye vidole au huusikii. Kuurudisha mahali pake ndiko kulikonitoa machozi. Mara ya kwanza uliteleza. Mara ya pili ukaruka kabisa, ukatua ukingoni mwa sinia, na sote watatu tukaukodolea macho kama nyoka. Bi Mwanahamisi alikuwa akisoma kitu chini kwa chini, midomo tu. Mara ya tatu ukanasa. Nikaweka punje, nikafunika, nikabonyeza.

Tik. Moja, laini, safi.

Nikakifunga, nikampa mwenyewe. Alitandaza upya kile kipande cha kanga, akakinyoosha mikunjo kwa kiganja bila haraka yoyote. Akabofya. Ua likatoka moja. Akangoja, kama anayempa mtu nafasi ya kubadili maneno yake. Likabaki moja. Akaweka la pili kando yake, la tatu, kisha akaanza kuvuta pindo, akageuza pembe ya kwanza, na mstari haukutikisika. Alikuwa ameshakwenda mahali ambapo sisi hatukuwapo. Nilimwona Twalib akimtazama mamake nyuma ya kisogo kwa muda mrefu, halafu akachukua kitambaa, akakilowesha kwenye maji ya kunawia, akaenda ukutani akaanza kufuta alama za penseli. Alifuta zote, hata ile ya juu aliyolazimika kupanda kiti.

Niliondoka adhuhuri imeingia bila kuagwa, na sijawahi kufurahia kutoagwa kama siku hiyo.

Mnataka kujua kipanya kimedumu? Nimeufungua ulimi ule tena baada ya hapo, na kila nikienda naogopa kama siku ya kwanza. Iko siku utavunjika. Mwenyewe anajua, na anachora kana kwamba hajui. Lakini tusitangulie. Mchoro ulifika Jumatatu. Kanga ilipochapishwa na kuwasili, Twalib alikuja karakanani na bahasha ya karatasi, akaiweka mezani, akageukia ukuta akawa anasoma kalenda. Ndani mlikuwa na kanga moja, si doti. Doti ni mbili, mnajua, na mwanamke hatoi nusu ya doti kwa mtu wa mbali. Hugawana na nduguye au shoga yake, ili siku moja waonekane wamevaa sawa. Nusu ya pili alikuwa ameivaa mwenyewe.

Niliikunjua. Pindo la asumini, pembe nne, hata moja haikukosea. Katikati, jina la kanga, alilolitunga yeye na kulipeleka bila kumwonyesha mwanawe: NINGALI HAI MWANIRITHI?

Nilicheka mpaka nikashika meza. Twalib aliendelea kuisoma kalenda. "Yauzika sana," akasema hatimaye. "Wanawake wanunua mpaka tajiri ameagiza nyingine. Kila nikipita Kisauni naisoma mgongoni kwa mtu."

Siku mliyoniaga nilifika karakanani nikakuta meza yangu imeshasogezwa dirishani na kupewa mwingine, na vifaa vyangu vimeshagawanywa, kila kimoja na mwenyewe mpya. Hamkuwa na nia mbaya. Mlikuwa na haraka ya vijana. Nilikuwa nimejitanda kanga hiyo, na nyote mlinisifu kwamba imenipendeza. Ni mmoja wenu tu aliyesoma maandishi, kwa sababu nilipofika nyumbani nikafungua mkoba, nilikuta kibano changu kimerudishwa.